Sola kiwandani: soma bili kwanza, paneli baadaye

*Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Msimu ukichanganya tunatumia kama uniti 40,000 kwa mwezi, na bili inaonyesha mahitaji ya juu ya kVA 200. Umeme ukikatika tunawasha jenereta, na dizeli inatumaliza. Mkurugenzi amesikia kwamba kampuni kubwa duniani zinahamia kwenye sola ili kubana gharama, na tayari tumeletewa kotesheni ya paneli za kilowati 300 pamoja na betri ya kilowati-saa 400. Muuzaji anasema tutaisahau bili ya TANESCO. Hizo kampuni kubwa zinafanyaje hasa, na sisi tufuate lipi?*

Marahaba, mhasibu. Nimefurahi kwamba swali limetoka kwenye meza ya hesabu, maana huko ndiko sola ya kiwandani inakofaulu au kufeli. Hiyo kotesheni msiisaini kwanza. Sisemi muuzaji ni tapeli, na huenda paneli zake ni nzuri kabisa. Ila kwa namba ulizonipa, inaonekana amepima paa lenu akaona linameza kilowati 300, akaishia hapo. Kampuni kubwa zinazojua zinachofanya huanza na saa za matumizi: umeme unaliwa lini, na mashine zipi, na kila uniti inauma kiasi gani katika saa hiyo.

Unapoambiwa "kampuni kubwa zimehamia kwenye sola", fahamu kwamba humo ndani kuna mambo tofauti yaliyofungwa kwenye furushi moja. Wapo kina Google, ambao husaini mikataba mirefu ya kununua umeme wa shamba la sola au la upepo lililo mbali na majengo yao. Umeme huo unaingia kwenye gridi, wao wanaendelea kuchota kwenye gridi hiyohiyo, na mkataba unawakinga bei zisiwapandie ghafla. Hilo linahitaji soko la umeme ambalo hatuna, kwa hiyo tuliache.

Wapo wenye migodi iliyo mbali na gridi, na hawa wana la kutufundisha. Mgodi wa dhahabu wa Fekola kule Mali ulikamilisha mwaka 2021 mtambo wa sola wa megawati 30 pamoja na betri ya takriban megawati-saa 15. Ukisikia betri, utadhani mgodi unalala na sola. Hapana. Megawati-saa 15 kwa mgodi wa namna ile zinaisha upesi sana. Kazi ya betri ile ni kushikilia mzigo wingu linapopita, ili baadhi ya injini za mafuta mazito ziweze kuzimwa kabisa mchana badala ya kunguruma bure zikisubiri dharura. Waliweka betri mahali ilipokuwa inaokoa mafuta, basi.

Halafu wapo wenye mapaa. Garden City, lile jengo la maduka la Nairobi, lilifunga mwaka 2015 paneli za kilowati 858 juu ya maegesho ya magari. Maduka hufunguliwa mchana na viyoyozi huhangaika mchana, kwa hiyo jua na mzigo vinakutana bila kulazimishana. Uwanja wa ndege wa Cochin, India, nao ulianza mwaka huohuo na megawati 12, lakini wenyewe una makubaliano na gridi: mchana unamwaga ziada huko, usiku unairudisha. Ukiondoa makubaliano hayo, hesabu yote ya Cochin inaanguka. Ukumbuke hapo, tutaparudia.

Na tusiende mbali. Pale Msijute, njia ya kwenda Lindi, kiwanda cha saruji cha Dangote kinazalisha umeme wake kwa gesi asilia. Tanuri la saruji halizimwi jioni, linawaka mfululizo usiku na mchana, na gesi ya Mnazi Bay iko jirani. Kwa mzigo kama ule sola inaweza kuwa nyongeza, haiwezi kuwa mhimili. Kampuni kubwa haina mapenzi na sola, ina mapenzi na uniti ya bei ndogo. Kama bomba la gesi lingepita karibu na uzio wenu ningekwambia uende TPDC, shirika la petroli la taifa, kuuliza bei kabla hujamwita mtu wa paneli. Kwa kiwanda cha ukubwa wenu, hata hivyo, jenereta ya gesi na matunzo yake ni mzigo mwingine, na nadhani jua litawafaa zaidi.

Sasa tuichambue bili yenu. Nitatumia bei za kundi la T2, la watumiaji wakubwa kama ninyi, zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016, yaani shilingi 195 kwa uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu, na shilingi 14,233 za huduma. Kama bili iliyo mbele yako ina namba nyingine, weka hizo. Njia ya hesabu haibadiliki. Uniti 40,000 mara 195 ni shilingi 7,800,000. kVA 200 mara 15,004 ni 3,000,800. Ongeza huduma, unapata 10,815,033 kabla ya VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA. Angalia uwiano: zaidi ya robo ya pesa hiyo haihusiani na uniti hata kidogo. Ni malipo ya kVA, yaani kilele cha umeme mlichovuta kwa wakati mmoja. Ni sawa na kukodi lori: unalipia ukubwa wa lori ulilolikodi, hata kama mwezi mzima umelijaza mara moja tu.

Hapo ndipo ahadi ya "mtaisahau bili" inapokwama. Paneli hupunguza uniti. kVA zinashuka kwa shida, na mara nyingi hazishuki kabisa. Mita hushika kile kipindi kifupi kimoja katika mwezi mlipovuta umeme mwingi kuliko vipindi vingine vyote. Jua linaweza kuwaka siku ishirini na tisa. Siku ya thelathini wingu zito likatanda saa nne asubuhi, oveni zote zikiwa zinawaka na kompresa zinafanya kazi, namba ikarudi kVA 200 na mkalipia 200. Tena kuna miezi ya mvua huku kwetu, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambayo siku ya namna hiyo haikosekani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawaligusi, na hapa nitakaa kidogo. Mota na kompresa hutaka umeme wa aina mbili. Upo unaofanya kazi, ambao ndio kilowati. Na upo wa kujenga sumaku ndani ya mota, ambao hausagi wala haukaushi kitu, lakini lazima upite kwenye nyaya na transfoma, na ndio unaofanya kVA ziwe nyingi kuliko kilowati. Uwiano wa kilowati kwa kVA ndio mafundi wanauita pawa fakta. Tuseme ya kwenu ni 0.85, namba ya kawaida kwa kiwanda chenye mota nyingi zisizorekebishwa. Basi kVA 200 zenu ni kilowati 170, na umeme wa sumaku, ambao kipimo chake ni kVAr, ni kama kVAr 105.

Funga sasa sola inayotoa kilowati 120 saa sita mchana. Inveta, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli ufanane na wa gridi, nyingi hutoa kilowati tupu kama hazikupangwa vinginevyo. Kwa hiyo gridi inabaki kuwapa kilowati 50 tu, lakini zile kVAr 105 za sumaku zinaendelea kutoka TANESCO kama zamani. Zijumlishe kwa kanuni ya pembetatu ya Pithagorasi, unapata kama kVA 116. Kilowati zimeshuka kwa asilimia 71, kVA zimeshuka kwa asilimia 42, na pawa fakta inayoonekana kwenye mita imeporomoka hadi 0.43. Mhandisi wa TANESCO akiiona namba hiyo atashika simu.

Dawa yake ni ndogo na ni ya bei nafuu kuliko kitu chochote kilichomo kwenye kotesheni yenu: kabati la kapasita, vifaa vinavyotoa umeme wa sumaku hapohapo kiwandani. Hata bila paneli moja, kapasita zinazoinua pawa fakta kutoka 0.85 hadi 0.95 zingeshusha mahitaji yenu kutoka kVA 200 hadi kama 179. Ni kVA 21 mara 15,004, shilingi 315,084 kila mwezi, jua liwake lisiwake. Hapo ndipo ningeanzia. Kisha muulize muuzaji kama inveta zake zinaweza kupangwa zitoe na kVAr pia. Nyingi za kisasa zinaweza, ila hakuna anayezipanga mpaka mteja aseme. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, umeshajua unaongea na mtu wa aina gani.

Jambo la pili lisilohitaji mtaji ni ratiba. Viwanda vingi vya korosho nilivyovizoea huwasha kila kitu saa mbili asubuhi kwa mpigo: oveni za kukaushia, kompresa za mashine za kuchambua rangi, pampu za boila. Mota kuvuta kwa nguvu sekunde chache wakati wa kuwaka si hoja kubwa, mita haitishwi na hilo. Oveni sita kupashwa kutoka baridi kwa pamoja, hiyo ni hoja. Zipangwe zipokezane, mbili kwa mbili. Na mkishafunga sola, tazameni saa ya chakula. Saa saba mchana wafanyakazi wanatoka, mashine zinanyamaza, na hiyo ni mojawapo ya saa ambazo paneli zinafoka sana. Zamu za chakula zikigawanywa mara mbili, mzigo haudondoki. Nimeona kiwanda kikibishana juu ya aina ya paneli kwa majuma, na hili la ubwabwa halikuingia kwenye kikao hata kimoja.

Tuje kwenye ukubwa. Kwa jua la Mtwara, kadirio la uangalifu ni uniti 4 kwa siku kwa kila kilowati moja ya paneli, ukichukua wastani wa mwaka. Kilowati 300 zitatoa kama uniti 1,200 kwa siku. Ninyi mnatumia uniti 40,000 kwa siku 26 za kazi, yaani kama 1,540 kwa siku, na tuseme 1,200 kati ya hizo ni za mchana. Kwenye karatasi zinalingana barabara, na nina hakika ndivyo alivyomweleza mkurugenzi. Lakini jua halitoi kwa usawa kutwa nzima. Saa sita mchana paneli hizo zitakuwa zinasukuma kilowati 230 au 240 wakati kiwanda kinataka 120 au 130. Nusu inakosa pa kwenda. Saa kumi na moja jioni kiwanda bado kinataka, paneli zimeshachoka. Jumapili hakuna mtu. Na msimu ukiisha, ghala likabaki na magunia machache, matumizi yanashuka hadi sehemu ndogo tu ya haya uliyonitajia, huku deni la benki likiendelea kudai rejesho lilelile kila mwezi.

Ziada si inauzwa TANESCO, utauliza. Kanuni za mita ya kwenda na kurudi zipo tangu mwaka 2018. Ushauri wangu ni kwamba msiiweke ziada hiyo kwenye hesabu ya marejesho hata kwa shilingi moja mpaka mtakapokuwa na mkataba wa maandishi wenye saini. Cochin wanao. Ninyi mna maneno ya muuzaji.

Kilowati 150 ndizo zinazokaa vizuri kwenye mzigo mlionao. Zinatoa kama uniti 600 kwa siku, na karibu zote zinaliwa hapohapo. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 15,600, na zote zikichukua nafasi ya umeme wa gridi mnaokoa shilingi 3,042,000 kwa mwezi. Bili inashuka kutoka milioni 10.8 hadi kama milioni 7.8. Ni unafuu wa kweli, ila hakuna atakayeisahau.

Bahati nzuri ni kwamba jua na korosho vimepatana mkoani kwetu kuliko watu wanavyodhani. Mwezi wa Oktoba na Novemba, mnada umeanza, malighafi inaingia na mashine zinashinda zinaunguruma, ndio wakati anga ya Mtwara iko safi na jua la saa sita liko karibu utosini. Kiwanda cha kukoboa mpunga Mbeya kingetamani ratiba ya namna hiyo.

Dizeli ndiyo yenye pesa. Jenereta iliyobebeshwa vizuri inatoa kama uniti 3.3 kwa lita. Chukua dizeli ya shilingi 2,900 kwa mfano: uniti moja inawagharimu karibu shilingi 880, bila kuhesabu oili, filta na fundi. Ni zaidi ya mara nne ya uniti ya TANESCO. Tuseme umeme unakatika saa 40 za mchana kwa mwezi, na katika saa hizo mnahitaji uniti 4,000. Sola ikibeba nusu, uniti 2,000 mara 880 ni shilingi 1,760,000. Zile 13,600 zilizobaki, zinazochukua nafasi ya gridi, zinaleta 2,652,000. Jumla milioni 4.4 kwa mwezi. Yaani sehemu ndogo kabisa ya uniti, kama asilimia 13, inaleta asilimia 40 ya pesa yote inayookolewa.

Pesa hiyo mnaweza kuikosa yote kwa sababu ya kifaa kimoja. Inveta ya kawaida iliyofungwa sambamba na gridi hujizima gridi ikikatika. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu fundi wa TANESCO akipanda nguzo akiamini laini imekufa, hatakiwi kukutana na umeme wa paa lenu. Kwa hiyo umeme unakatika saa sita, jua linapasua mawe, na paneli zenu zimelala huku jenereta ikinywa dizeli. Wenye viwanda wengi huligundua hili baada ya kulipa. Ili sola ifanye kazi pamoja na jenereta mnahitaji kontrola inayoongea na vyote viwili: inveta inafuata umeme wa jenereta kama ilivyokuwa ikifuata gridi, nayo kontrola inaibana sola ili jenereta isishuke chini ya kama asilimia 30 ya uwezo wake. Ikishuka zaidi, injini haipati moto, dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa kwenye ekzosi. Na sola ikizidi kabisa mzigo, umeme unarudi kwenye jenereta yenyewe, na hapo mnaomba msaada wa Mungu na wa fyuzi. Ifungue kotesheni sasa hivi utazame kama kontrola hiyo imetajwa. Kama haimo, milioni 1.76 za kila mwezi zifute.

Betri nayo ina kipimo chake, na wewe mhasibu utakipenda. Chukua kilowati-saa moja ya betri, yaani nafasi ya kuweka uniti moja. Mkiijaza na kuimaliza siku 250 kwa mwaka kwa miaka 10, itakuwa imetoa uniti 2,500. Kwa shilingi 195 hizo ni shilingi 487,500, na hapo nimeifanyia wema: sijatoa umeme unaopotea njiani, sijatoa gharama ya paneli za kuijaza, wala sijakumbuka kwamba nje ya msimu mnaweza msiifikishe siku 250. Gawanya bei ya betri kwenye kotesheni kwa 400. Jibu likizidi 487,500, betri hiyo haiwezi kujilipa kwa kuchukua nafasi ya umeme wa TANESCO, hata muuzaji aape. Betri ndogo ya kubeba kompyuta, taa na zile mashine za kuchambua rangi zisizopenda kukatiwa umeme ghafla, hiyo nitaielewa. Betri ya kilowati-saa 400 ya kuwasha oveni usiku, sioni inakotokea.

Watu wenye majokofu ya samaki huko Kilwa na Lindi wana njia rahisi zaidi ya kuhifadhi jua: wanaweza kugandisha barafu nyingi mchana na kuitumia usiku. Mwenye pampu anajaza tangi. Ninyi mna nini cha kuweka akiba? Korosho iliyokaushwa tayari. Kama oveni zinaweza kufanya kazi nyingi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na kazi ya usiku ikabaki kumenya, kupanga madaraja na kufunga, basi hifadhi yenu ipo kwenye trei.

Kabla ya kuzungumza na muuzaji tena, fanya jambo moja kwa majuma mawili. Mpe mlinzi daftari, aandike namba ya mita saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumapili ikiwemo. Mchana, karani wako aandike kila nusu saa. Ongeza safu ya umeme kukatika, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na lita za dizeli. Daftari hilo litakwambia ukubwa wa mfumo mnaouhitaji kuliko programu yoyote ya kompyuta. Hizi 1,200 za mchana nilizozitumia ni makisio yangu, na kazi ya daftari ni kuyasahihisha.

Kuhusu paa. Paneli na reli zake huongeza kama kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Bati lenyewe si tatizo, nina wasiwasi na kenchi na papi, hasa kwenye majengo ya zamani yaliyojengwa kwa hesabu ya kubeba bati tupu. Mhandisi wa majengo apande akague, aandike na kusaini. Na asihesabu uzito wa kushuka tu, ahesabu pia upepo wa kuinua. Sisi wa kusini tumezoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji, lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, Kenneth ilitua Cabo Delgado Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Hidaya ilipita pwani yetu Mei 2024. Paneli moja ni kama mita za mraba mbili na nusu za tanga.

Hewa ya chumvi inakula kimyakimya. Nenda katazame kazi yoyote iliyofungwa karibu na bahari kwa bolti za bei rahisi: pale bolti ya chuma inapogusa reli ya alumini utakuta unga mweupe umejikusanya, na ukiupangusa kwa kidole, chini yake alumini imeshakuwa na vishimo. Miaka mitatu, minne, kishikizo kinalegea. Dai bolti za chuma cha pua cha daraja la baharini, na paneli zenye cheti cha kupimwa kwa ukungu wa chumvi, IEC 61701. Inveta zikae ndani, kwenye chumba chenye hewa, si ukutani upande wa jua la alasiri.

Uchafu wa kwenu una mambo yake. Boila linalochoma maganda ya korosho hutoa moshi wenye mafuta, na masizi yake yanashika kioo kiasi kwamba mvua haiyaondoi. Msimu wenu mkubwa upepo ni wa kaskazi, kwa hiyo tazama bomba la moshi liko upande gani wa paa mnalotaka kulifunga, na kama lipo jingine lililo kando, tumieni hilo. Kuanzia kama mwezi wa sita hadi wa nane mashamba ya jirani yanapuliza salfa, na ule unga wa njano utatua juu ya paneli. Uoshwe kwa maji mengi asubuhi na mapema, kioo kikiwa bado cha baridi. Kipengele cha usafi kiwemo kwenye mkataba, pamoja na ngazi na njia ya kutembelea juu ya paa, maana kijana wa usafi akikanyaga paneli huzioni nyufa, unaona uzalishaji umeshuka.

Mkielekeza paneli, ziangalie kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 unatosha. Kama mapaa yenu yameinama mashariki na magharibi msihangaike kuyabadilisha. Mnapoteza kidogo sana kwa latitudo yetu, na mnapata umeme wa asubuhi na alasiri ulionyooka zaidi, jambo linalowafaa.

Mkurugenzi anaweza kuletewa pia wazo la kutolipa chochote: kampuni inafunga paneli kwa gharama yake, ninyi mnanunua uniti kutoka kwake kwa miaka 15 au 20. Kampuni kubwa nyingi hufanya hivyo kwa sababu mtaji wao una kazi nyingine. Si wazo baya. Ila kwa kiwanda cha msimu, kitafute kipengele kinachosema mtalipia uniti zilizozalishwa au ambazo zingeweza kuzalishwa hata kama hamkuzitumia. Hicho kitawaua kati ya Machi na Agosti. Tazama pia bei inapanda kwa asilimia ngapi kila mwaka, imeandikwa kwa shilingi au kwa dola, na siku mkitaka kuununua mfumo mtaununua kwa bei gani.

Mwambie muuzaji alete kotesheni mpya: paneli za kilowati 150, au namba itakayotoka kwenye daftari, betri iondolewe au iwe ya ofisi na mashine za rangi tu, kontrola ya jenereta itajwe kwa jina na modeli, inveta zipangwe kutoa kVAr, bolti na cheti cha chumvi viandikwe, hesabu ya upepo iambatishwe. Aandike uniti anazozitarajia kwa kila mwezi, Januari hadi Desemba, na fidia atakayotoa zikipungua. Kabati la kapasita mlitafutie bei peke yake, kwa fundi mwingine, wiki hii hii. Na bili ya mwezi wa kwanza baada ya kulifunga ikitoka, niandikie kVA zimeshuka hadi ngapi.